Nyumba ya Serikali na Kodi ya Majengo

Liko swali ambalo raia mwema hujiuliza kimya kimya, asije akadhaniwa mchochezi, nalo lastahili kujibiwa waziwazi katika gazeti lisomwalo na jamaa za Wakristo. Kila mwenye nyumba mjini hupaswa kuilipia kodi nyumba yake. Mbona basi Serikali, iliyo na majengo mengi kuliko mtu yeyote, haidaiwi kodi hiyo? Tena, je, yawezekana kwa haki kumtaka yule atozaye kodi ajitoze mwenyewe?

Hatutaki kulijibu swali hili kwa hasira, maana hasira haijui hesabu. Wala hatutaki kulijibu kwa woga. Kodi ni jambo la dhamiri. Kanisa lafundisha kwamba kulipa kodi ya haki ni wajibu, na Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, uliwakaripia wazi wale wanaokwepa kodi ya haki kwa hila na udanganyifu. Kama kulipa ni jambo la dhamiri, basi na kusamehewa kulipa ni jambo la dhamiri vile vile, naye asamehewaye hapaswi kuona vibaya akiulizwa sababu.

Tuchukue mji mmoja ili tusiseme hewani. Babati umekaa kando ya ziwa lake, chini ya mlima Kwaraa, katika barabara kuu itokayo Arusha kuelekea Dodoma na Singida. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ulikatwa kutoka mkoa wa Arusha, nao mji huo ukafanywa makao makuu ya mkoa mpya. Penye makao ya mkoa hapakosi ofisi, mahakama, nyumba za watumishi, maghala na viwanja vilivyowekwa akiba kwa ajili ya kesho. Miongoni mwa kata za mji huo iko Maisaka, na ndani yake, kama katika kata nyingine, wamekaa majirani wa makabila mbalimbali, wakulima na wachuuzi, walimu na mafundi, ambao wengi wao wamejenga nyumba zao tofali kwa tofali, mwaka huu chumba, mwaka ujao bati.

Tumfikirie mama mmoja mjane wa hapo Maisaka. Hatumtaji mtu, maana wa namna yake wako wengi katika kila mji wa nchi hii. Ana nyumba ya vyumba vitatu, na chumba kimoja amempangisha kijana afanyaye kibarua sokoni. Umri wake haujafika miaka 60, kwa hiyo msamaha uliowekwa kwa wazee wanaoishi katika nyumba zao haumfikii. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa katika LUKU, yaani pale pale mtu anaponunua umeme. Kwanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500, ndiyo shilingi 18,000 kwa mwaka. Mama huyo hapelekewi barua, wala haji karani kubisha hodi. Ananunua umeme wa shilingi 5,000, naye anapata umeme pungufu, kwa sababu Serikali imekwisha kuchukua chake kabla ya taa kuwaka. Na mara nyingine anayenunua ni yule kijana mpangaji, ambaye hana nyumba hapa duniani, naye hujikuta amelipia kodi nyumba ya mwingine.

Shilingi 1,500 si fedha nyingi, atasema mtu aliyeshiba. Wazee wetu walikwisha kumjibu: mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi.

Tutazame sasa upande wa pili wa barabara. Jengo la Serikali, likiwa kwa ajili ya kazi ya umma, halihesabiwi pamoja na nyumba ya yule mama. Wazo hili si jipya, wala si la nchi yetu peke yake. Sheria ya mwaka 1983 iliyoweka kodi ya majengo katika miji yetu iliyataja majengo yasiyotozwa: makao ya Rais, majengo ya huduma za umma, nyumba za ibada, maktaba za umma, makaburi, viwanja vya ndege na mengineyo ya jinsi hiyo. Msomaji ataona kwamba na sisi tumo katika orodha hiyo, pamoja na makanisa yetu. Tutarudi kwa jambo hilo, maana si vema kuhesabu madirisha ya jirani huku tumefunga ya kwetu.

Watetezi wa msamaha huu wana hoja tatu, na hatupendi kuzidharau.

Hoja ya kwanza ni ya akili ya kawaida. Deni lahitaji watu wawili. Mtu hawezi kujikopesha mwenyewe, wala kujishitaki barazani. Serikali ikijilipa kodi, fedha zimetoka mfuko wa kulia zikaingia mfuko wa kushoto, na katikati umemlipa karani wa kuziandika. Hoja ya pili ni kwamba mali ya Serikali ni mali ya wote, hata ya yule mjane. Ukiitoza kodi zahanati, umepunguza dawa za wagonjwa. Hoja ya tatu ni kwamba makao ya mkoa yanaleta faida: watumishi wanapanga nyumba, wanakula hotelini, wananunua unga na samaki sokoni, na mji usiokuwa na mkoa ungefurahi kuupata.

Hoja hii ya tatu ina kweli ndani yake, na mtu wa Babati anayekumbuka mji ulivyokuwa kabla ya mwaka 2002 hataikana. Lakini faida ya muuza duka si fedha katika sanduku la mji. Fundi wa nyumba amepata kazi, vema. Bado takataka za ofisi zataka gari la kuzizoa, na gari lile lataka mafuta.

Hoja ya kwanza ndiyo yenye uzito, nayo ni swali la falsafa hasa: mtawala yuko chini ya sheria yake mwenyewe, au yuko juu yake? Mtakatifu Toma wa Akwino alilishughulikia swali hili katika karne ya 13, katika maandiko yake juu ya sheria. Alisema kwamba sheria ina nguvu mbili. Iko nguvu ya kushurutisha, na kwa nguvu hiyo mtawala hafungwi, maana nani atamkamata? Lakini iko nguvu ya kuongoza, yaani ile nuru ya haki inayoonyesha lililo jema kutendwa. Na kwa nguvu hiyo mtawala amefungwa kama mtu yeyote, isipokuwa kwamba anajifunga kwa hiari yake. Kwa maneno mengine, kwamba hapana wa kumshurutisha hakumfanyi kuwa huru mbele ya haki. Kunamfanya awe peke yake na dhamiri yake, na hapo ndipo penye hatari zaidi.

Toma huyo huyo aliandika pia kwamba sheria yaweza kuwa dhalimu kwa njia zaidi ya moja. Yaweza kuwa dhalimu kwa sababu mtawala anatafuta faida yake mwenyewe, au kwa sababu amepita mipaka ya mamlaka yake. Lakini yaweza kuwa dhalimu hata pale inapokusudia manufaa ya wote, ikiwa mizigo imegawanywa pasipo uwiano. Neno hili la mwisho latufaa sana. Hatusemi kwamba waliotunga msamaha wa majengo ya Serikali walikuwa na nia mbaya. Twauliza tu, mzigo uliosamehewa umemwangukia nani? Maana mzigo wa mji haupungui kwa kusamehewa mmoja. Takataka ni zile zile, jaa ni lile lile, vibarua wa kufagia soko ni wale wale. Kilichopungua ni idadi ya mabega.

Na hapa ndipo mfano wa mifuko miwili unapovunjika. Ungekuwa sawa kama Serikali Kuu na mji vingekuwa kitu kimoja. Lakini sivyo. Halmashauri ya mji ina baraza lake, madiwani wake waliochaguliwa, makisio yake na madeni yake. Nchi yetu ilikwisha kujaribu kuufuta mfuko wa pili: mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, na baada ya miaka kumi hivi, miji ikiwa michafu na kazi nyingi zimelala, zikarudishwa, kwa sheria za mwaka 1982. Tulijifunza kwa gharama kwamba mji wahitaji mwili wake. Baba Mtakatifu Pius XI alikuwa amekwisha kusema mwaka 1931 kwamba ni kosa dhidi ya haki kwa jamii kubwa kuinyang'anya jamii ndogo kazi ambayo yaweza kuifanya yenyewe. Naye apewaye kazi hapana budi apewe na chakula cha kumwezesha kuifanya.

Ni kweli kwamba kodi ya majengo yenyewe imehamahama kama mchungaji wakati wa kiangazi. Dar es Salaam ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2008, ikarudishwa kwa halmashauri mwaka 2014, ikachukuliwa tena na Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, safari hiyo na ya miji mingine pia, kisha ikaingia katika LUKU mwaka 2021. Ni kweli pia kwamba tangu mwaka 2017 barabara za mijini zimewekwa chini ya wakala wa Serikali Kuu, hata mtu aweza kusema kwamba Serikali Kuu nayo inabeba sehemu yake. Tunakubali. Lakini asili ya kodi hii haibadiliki kwa kubadilika karani wa kuikusanya. Ni kodi ya mahali. Inatozwa kwa sababu nyumba imesimama hapa, inapata maji yake na njia yake hapa, na uchafu wake unaishia hapa. Ziwa Babati lilipofurika mwaka 1990, maji hayakuuliza ukuta huu ni wa nani kabla ya kuingia.

Tuzidi kutazama jinsi mzigo unavyogawanyika, maana hapa ndipo udhalimu unapojificha. Zahanati ya Maisaka yawahudumia watu wa Maisaka. Ikisamehewa kodi, walionufaika na waliobeba ni wale wale, na hapana wa kulalamika. Lakini ofisi ya mkoa haiwahudumii watu wa Babati mjini peke yao. Inawahudumia watu wa Hanang', wa Mbulu, wa Kiteto na wa Simanjiro, hata mfugaji aliye mbali kabisa katika nyika, ambaye labda hajapata kuuona mji huo. Ni haki ofisi hiyo iwepo, na ni haki iwahudumie. Je, ni haki pia kwamba gharama ya mji inayotokana nayo ilipwe na wenye nyumba wa mji mmoja? Msamaha wenye sura ya zawadi kutoka kwa taifa zima, kwa kweli umetolewa na mtaa mmoja. Yule mjane amefanywa kuwa mfadhili wa mkoa pasipo kuulizwa, wala jina lake halikuandikwa penye orodha ya wafadhili.

Yanayotokea kwa udogo Babati yanatokea kwa ukubwa Dodoma. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoamua kuhamia huko kwa dhati, wizara zimejenga majumba yake Mtumba, katika mji wa Serikali. Makao makuu ni ya Watanzania wote, kuanzia Kagera hadi Mtwara. Basi na gharama ya kuwa makao makuu ni ya wote.

Kwa hiyo tumekwisha kuijibu hoja ya pili, ile ya zahanati na dawa. Hatusemi kwamba fedha zitaongezeka Serikali ikilipa. Fedha haziongezeki kwa kuhamishwa. Twasema kwamba zitatoka katika sanduku la taifa zima, ambalo tajiri na maskini wa kila mkoa wamelichangia, badala ya kutoka katika pochi za watu wachache walioangukiwa na bahati ya kuwa majirani wa Serikali. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka 1961 juu ya mambo ya jamii, alifundisha kwamba msingi wa kodi ya haki ni mzigo kulingana na uwezo wa mbebaji. Katika mtaa huu, mwenye uwezo mkubwa kuliko wote ndiye aliyewekwa pembeni.

Liko jambo lingine, ambalo huzungumzwa kidogo. Kitu kisichogharimu kitu hakitunzwi. Mwananchi mwenye kiwanja akikiacha kiwe msitu, kila mwaka anakumbushwa kwa kodi ya pango la ardhi kwamba amekalia mali ambayo mwingine angeitumia. Serikali haina wa kuikumbusha. Ndiyo maana katika miji yetu mingi mtu aweza kuonyeshwa eneo zuri, karibu na barabara, limeota majani tangu wakati wa baba yake, na akiuliza ni la nani, ajibiwe neno moja tu: la Serikali. Hapana aliyeliiba, hapana pia aliyelihesabu.

Hapa hapana budi kukumbuka jinsi ardhi ilivyokuja mikononi mwa dola. Amri ya Mjerumani ya mwaka 1895 iliitangaza ardhi isiyokuwa na mwenyewe kuwa ya Taji, na aliyeamua ni ipi isiyokuwa na mwenyewe alikuwa Mjerumani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1897, ikaja kodi ya kibanda, rupia tatu kwa kibanda cha shamba. Ndivyo nyumba ya Mwafrika ilivyojulishwa kodi kwa mara ya kwanza: na mgeni aliyekwisha kujitwalia ardhi iliyoizunguka. Mwingereza kwa sheria yake ya mwaka 1923 akaiweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana. Sheria yetu wenyewe ya mwaka 1999 yasema jambo bora zaidi, kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Neno mdhamini ni neno zito. Mdhamini haishiki mali kama mwenye mali. Huishika kwa ajili ya wengine, naye hutoa hesabu. Katika mkoa huu huu wa Manyara wako Wabarabaig wanaokumbuka jinsi malisho yao ya Hanang' yalivyogeuzwa kuwa mashamba ya ngano ya shirika la Serikali katika miaka ya 1970, na jinsi walivyokwenda mahakamani. Hatuyafufui ili kuwasha moto. Twayataja kwa sababu mtu asifikiri kwamba Serikali ikimiliki, basi hapana anayeumia.

Mataifa mengine yamelitatuaje? Marekani ina mfano mzuri, maana ilianza na msamaha kamili. Mwaka 1819 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba jimbo la Maryland haliwezi kuitoza kodi Benki ya taifa, kwa hoja kwamba aliye na uwezo wa kutoza ana uwezo wa kuangamiza. Hoja hiyo ni ya kweli: tusiupe mji panga la kuikata Serikali. Hata hivyo mwaka 1976 Bunge la huko lilitunga sheria ya kuzilipa wilaya zenye ardhi kubwa ya taifa malipo maalumu badala ya kodi, kwa kuwa wilaya hizo zilikuwa zikihudumia misitu na nyika ambazo haziwezi kuzitoza hata senti. Uingereza nayo, ambako Taji halikuweza kutozwa kisheria, Hazina ilikubali tangu mwaka 1874 kutoa mchango wa hiari badala ya kodi. Na tangu mwaka 2000 majengo ya Taji yameingizwa katika kodi ya mitaa kama majengo ya wengine. Hivi ndivyo alivyosema Toma: hakushurutishwa, alijifunga.

Jirani zetu wa Kenya walirithi desturi hiyo, nao wanao mchango ambao Serikali ya taifa hupaswa kuzilipa serikali za mitaa badala ya kodi ya ardhi yake. Kwenye karatasi ni jambo jema. Lakini mji wa Nairobi, wenye wizara, kambi na majumba ya taifa kuliko mji mwingine wowote wa nchi ile, umelalamika kwa miaka mingi kwamba mchango huo haufiki, au unafika nusu, na deni limekuwa likipanda mwaka hata mwaka. Tutalikumbuka hilo.

Mkristo anayo zaidi ya mifano ya mataifa. Watu wengi wakisikia neno kodi hukimbilia habari ya sarafu ya Kaisari, lakini iko habari nyingine katika Injili ya Mathayo, sura ya 17, isiyosomwa sana, nayo yagusa jambo letu hasa. Watoza ushuru wa hekalu walimwendea Petro huko Kafarnaumu, wakamwuliza kama mwalimu wake hulipa. Petro akasema hulipa. Alipoingia nyumbani, Bwana wetu akamtangulia kwa swali: wafalme wa dunia hutoza kodi kwa nani, kwa watoto wao au kwa watu wa nje? Petro akajibu kwamba ni kwa watu wa nje. Basi, watoto wako huru. Mwana wa mwenye hekalu hakupaswa kulipia hekalu la Baba yake. Haki ya msamaha ilikuwa yake kuliko ya mtu yeyote aliyepata kuishi. Naye hakuikana haki hiyo, aliithibitisha. Kisha akamtuma Petro baharini na ndoana, akalipa, kwa ajili yake na kwa ajili ya Petro, ili watu wale wasikwazwe.

Tusiifanye Injili kuwa sheria ya fedha. Si kazi yake. Lakini katika habari hiyo twaona mambo mawili ambayo watu huyachanganya daima: kuwa na haki ya kutolipa, na kuwa na sababu ya kutolipa. Serikali ina haki, hatubishi. Aliyetoza hawezi kushurutishwa. Lakini kwazo lipo. Raia akatwaye shilingi 1,500 kila mwezi, akipita mbele ya jengo la ghorofa lisilokatwa kitu, hujifunza somo ambalo hapana mtu aliyekusudia kumfundisha, kwamba kodi ni ya wadogo. Naye akipata mwanya siku moja, atakumbuka somo hilo.

Sasa tuje kwetu, kama tulivyoahidi. Kanisa linasamehewa kodi kwa nyumba zake za ibada, na msamaha huo una sababu njema: nyumba ya sala haizai fedha, na milango yake iko wazi kwa asiyekuwa na kitu. Lakini iwapo parokia ina maduka yanayotazama barabara, imeyapangisha kwa muuza simu na muuza vipodozi, je, maduka hayo ni nyumba ya sala kwa kuwa kodi yake ya pango inamfikia paroko? Baba Mtakatifu Fransisko alilisema bila kuficha mwaka 2015: nyumba ya watawa ikifanya kazi ya hoteli, ilipe kodi kama hoteli. Katika Italia shauri hilo lilifika mpaka Mahakama ya Ulaya, ambayo mwaka 2018 iliamua kwamba msamaha wa miaka iliyopita kwa majengo yenye kazi ya biashara, yakiwemo ya Kanisa, usiachwe hivi hivi pasipo kudaiwa. Ingalikuwa heri tungalilifanya wenyewe kabla ya hakimu kutuambia. Halmashauri za walei zina wajibu wa kuyauliza mambo haya katika vikao vyao, kwa adabu, lakini zipate jibu lenye tarakimu.

Na lililo haki kwa paroko ni haki kwa wizara. Kipimo kisiwe jina la mwenye jengo, bali kazi ifanyikayo ndani yake. Serikali ikipangisha nyumba kwa bei ya soko, imekuwa mwenye nyumba kama wenye nyumba wengine, ilipe. Ikiweka ofisi ya kuhudumia mkoa au taifa zima, isitozwe kama mfanya biashara, bali ichangie gharama za mji kwa kiasi kilichopimwa. Shule, zahanati na kituo cha polisi cha mtaa, viachwe. Eneo lililoachwa pori lihesabiwe kuliko yote, maana halimhudumii mtu.

Yabaki swali la njia, na hapa mfano wa Nairobi hautaki kusahauliwa. Mchango wa hiari ulioandikwa katika sheria, ukaachwa usubiri huruma ya mwisho wa mwaka, utakuwa deni, kisha deni kubwa, kisha kicheko. Mji hauwezi kumpeleka Waziri mahakamani kila Juni. Basi fedha hizo zisifike kwanza katika mikono ya wizara, ambapo safari na semina zinazingojea. Zikatwe Hazina, katika fungu la kila wizara, kabla fungu halijafunguliwa, zipelekwe moja kwa moja kwa halmashauri ya mji ambamo jengo limesimama. Mtu akisema kwamba njia hiyo ni ngumu, au kwamba si heshima kwa wizara kukatwa chake kabla hakijamfikia, na aende Maisaka jioni moja, asimame karibu na yule mama anaponunua umeme.